Kundi Kali au Kundi Lililokasirishwa? Kupima Tabia ya Nyuki na Kutafuta Chanzo cha Ukali

Mfugaji anaposema kwamba mzinga fulani ni mkali, mara nyingi anasimulia siku moja tu: siku aliyoufungua saa 8 mchana, jua likiwaka, bomba la moshi likimzimikia mkononi, naye akaumwa mara kumi na tano kabla hajafika kiunzi (kipande cha mbao kinachobeba sega) cha tatu. Simulizi hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi kuwa hukumu. Kundi la nyuki hubadilika tabia kwa saa, kwa msimu, kwa hali ya malkia wake na kwa mkono wa yule anayelishughulikia, na katika miaka niliyofuga nyuki kwenye miombo ya mkoa wa Tabora nimeona makundi yakichomwa moto, au yakiachwa bila kuvunwa miaka nenda rudi, kwa kosa ambalo halikuwa lao. Hapa ninapitia dalili zinazowapata wafugaji wengi na vyanzo vyake, ili tuweze kutenganisha ukali wa kuzaliwa na ukali wa kusababishwa, kwa kuwa dawa ya mmoja haitibu mwingine.

Lazima kwanza tukubaliane kuhusu nyuki tulio nao. Nyuki wa nyanda za Afrika Mashariki, ambao wataalamu huwaita Apis mellifera scutellata, ni walinzi wakali kwa asili, na wana sababu: tangu kale kiota chao kimekuwa kikivunjwa na nyegere, kikivamiwa na siafu, kikiunguzwa na moto wa porini na kuvunwa na binadamu. Pwani wako ndugu zao waitwao litorea, na kwenye misitu ya milima mirefu kama Kilimanjaro na Meru wako wengine weusi waitwao monticola, wanaosifika kwa upole. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazili, Warwick Kerr, alipeleka kwao malkia wa scutellata kutoka Afrika Kusini na Tanganyika. Mwaka 1957 makundi 26 yakatoroka karibu na Rio Claro, na uzao wao ukaenea hadi Marekani mwaka 1990. Watafiti walipolinganisha uzao huo na nyuki wenye asili ya Ulaya, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1982, waliona kwamba uzao huo uliacha miiba mara kadhaa zaidi kwenye kipande cha ngozi kilichotikiswa mbele ya mzinga. Kwa hiyo mfugaji wa Sikonge au Manyoni asijilinganishe na picha za video za mzungu anayeshika fremu kwa mikono mitupu. Kundi letu lipimwe kwa makundi yetu.

Kipimo kabla ya dalili

Neno ukali lina mambo manne ndani yake, na kundi linaweza kuwa baya katika moja na zuri katika mengine matatu. La kwanza ni wepesi wa kutoka, yaani nyuki wangapi wanakurukia kabla au mara tu baada ya kugusa mzinga. La pili ni kuuma kwenyewe. La tatu ni kufuata, yaani umbali ambao nyuki wanaendelea kukuandama baada ya kufunga mzinga na kuondoka. La nne ni utulivu juu ya sega: je, wanabaki wameshika sega ukiinua kiunzi, au wanakimbia huku na huko na kuning'inia kwa mafungu kwenye ncha ya chini? Katika daftari langu kila moja lina safu yake na alama kutoka 1 hadi 4, ambapo 1 ni utulivu na 4 ni hali inayonilazimisha kufunga na kuondoka.

Kipimo hakina maana kama hakifanyiki kwa namna ile ile. Mimi hupima kuanzia saa 11 jioni, siku isiyo na upepo wala mawingu ya radi. Huvuta moshi mara tatu mlangoni, hungoja dakika mbili, kisha huinua mfuniko na viunzi vitano, si zaidi. Baada ya kila mzinga huhesabu miiba iliyobaki kwenye glovu za ngozi, huikwangua kwa patasi, kisha huzifukiza glovu zenyewe kabla ya kwenda kwenye mzinga unaofuata, kwa sababu mwiba uliochomeka huendelea kutoa harufu ya hatari, na mzinga wa pili ukipokelewa na harufu hiyo utapata alama mbaya isiyo yake. Mwisho husimama hatua tano kutoka kwenye mzinga kwa dakika tano, kisha huondoka taratibu nikihesabu hatua hadi nyuki wa mwisho aniache.

Rudia mara tatu, ukiacha wiki mbili kati ya kipimo na kipimo, na angalau kimoja kiangukie wakati maua yana mbochi (maji matamu wanayokusanya nyuki). Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kupima mizinga kadhaa ya manzuki (mahali pa kuwekea mizinga) moja siku ile ile. Kama yote imepanda hadi 3 na 4, basi siku hiyo ndiyo iliyokuwa kali. Kama mmoja tu umepanda na mingine imetulia, hapo una jambo la kuchunguza.

Na haya yote yafanyike ukiwa umevaa ovaroli, kofia yenye wavu, glovu na buti, ukiwa na mwenzako, mbali na watoto na mifugo. Usifunge mbuzi karibu na manzuki. Mnyama aliyefungwa kamba hana pa kukimbilia. Mtu aliyeumwa akianza kuvimba uso au ulimi, kutoka vipele mwili mzima, kupumua kwa shida au kuona kizunguzungu, apelekwe hospitali papo hapo, hata kama ameumwa mara moja tu. Aliyeumwa na nyuki wengi naye apelekwe, hata kama anajisikia nafuu, kwa sababu sumu ikiwa nyingi hudhuru figo.

Dalili: kundi lililokuwa tulivu limegeuka ghafla

Hii ndiyo dalili ninayoulizwa zaidi, na ndiyo yenye vyanzo vingi, kwa hiyo nitakaa nayo. Kundi ambalo daftari linaonyesha lilikuwa na 1 na 2 kwa miezi, kisha likaruka hadi 4, karibu kila mara lina jambo lililolipata. Urithi haubadiliki kwa wiki moja.

Anza na maua. Mbochi inapotiririka, nyuki wakubwa, ambao ndio wenye sumu nyingi na moyo wa vita, wako porini tangu alfajiri, na waliobaki mzingani wana kazi ya kupokea na kukausha. Maua yakikoma, jeshi lote linakaa nyumbani likilinda akiba ambayo haiongezeki. Mfugaji aliyezoea kufungua mzinga wakati mti wa mtundu umechanua, kisha akaufungua tena katikati ya ukame, atadhani amebadilishiwa nyuki. Dalili ya kuthibitisha ni rahisi: kaa pembeni ya mlango robo saa asubuhi. Ukiona nyuki wachache tu wanaingia na chavua miguuni, na masega yana vyumba vingi vitupu, chanzo ni njaa ya msimu. Dawa ni kuacha kufungua bila sababu, kutovuna hadi mwisho, na kungoja.

Njaa huzaa wizi, na wizi huzaa ukali mbaya zaidi. Nyuki wezi hawaingii kwa mstari ulionyooka kama wenyeji; wanayumbayumba mbele ya mzinga, wanatafuta nyufa, wanapambana mlangoni, na baadhi yao wanang'aa weusi kwa kuwa manyoya yamepukutika kwa kubanana na kung'atana. Kundi linaloibiwa huwa halimwamini mtu yeyote anayelikaribia. Mara nyingi sisi wenyewe ndio tunaouanzisha, kwa kuacha vipande vya sega lenye asali chini ya mti baada ya kuvuna. Punguza mlango hadi nyuki wawili tu waweze kupita kwa pamoja, ziba nyufa kwa udongo, ondoa kila tone la asali lililo nje, na usifungue mzinga wowote katika manzuki hiyo kwa siku kadhaa.

Kisha angalia wageni wa usiku. Nyegere huacha alama za kucha kwenye mbao au gome, mfuniko uliosogezwa, mzinga ulioinama upande mmoja na wakati mwingine masega yaliyotapakaa chini. Siafu na sisimizi hawaachi alama kubwa, lakini waya wa kuning'inizia ukigusana na jani au tawi, hilo ndilo daraja lao. Kundi lililopigana usiku kucha huamka asubuhi likiwa bado kwenye vita, na hali hiyo inaweza kudumu siku kadhaa. Kama mzinga umening'inizwa kwa waya, paka grisi kwenye waya, punguza matawi yanayogusa, na uweke umbali wa kutosha kutoka kwenye shina ili nyegere asipate pa kushikia.

Chanzo cha nne ni malkia. Kundi lililofiwa na malkia hubadilika sauti: badala ya mvumo mnene ulio sawa, ukilifungua linatoa mlio mrefu wa kulalamika unaopanda na kuchelewa kushuka. Nyuki wanakosa utulivu, na baadhi ya makundi huwa makali sana. Tafuta mayai. Yai moja limesimama katikati ya sakafu ya chumba maana yake malkia alikuwapo ndani ya siku tatu zilizopita, na huna haja ya kumtafuta yeye mwenyewe. Ukikuta mayai mawili au matatu katika chumba kimoja, mengine yamebandikwa ukutani, na majana (nyuki wachanga walio bado ndani ya vyumba vya sega) ya madume yametuna kama risasi ndani ya vyumba vidogo vya vibarua, basi nyuki vibarua wameanza kutaga na kundi linaelekea kufa. Ukikosa mayai kabisa, chukua kiunzi chenye mayai na majana machanga kutoka kundi jingine, ukung'ute nyuki wake, ukiweke humo na urudi baada ya siku tatu. Wakiwa wameanza kujenga vyumba vya malkia juu yake, hawana malkia. Wasipojenga, huenda malkia kijana yumo na bado hajaanza kutaga, kwa hiyo waache. Katika hali zote hizo, alama ya ukali uliyoandika siku hiyo ifute.

Mwisho ni dawa za mashambani. Kwetu ni tumbaku, kwa wenzetu wa Shinyanga na Simiyu ni pamba. Nyuki waliokufa wametapakaa mbele ya mlango, wengi wakiwa wametoa ulimi, na walio hai wakitetemeka na kuzunguka bila uelekeo, hao wametiwa sumu. Nyuki wa namna hiyo wanaweza kumrukia yeyote, na kundi hilo halipimwi bali linaokolewa: zungumza na mwenye shamba apulizie jioni nyuki wakiwa wamerudi, na asipulizie mazao yakiwa na maua.

Dalili: wanakurukia kabla hujagusa mzinga

Ukifika hatua kumi kutoka kwenye mzinga na tayari nyuki wanagonga wavu wa kofia yako, jichunguze wewe kwanza. Nyuki hukerwa na nguo nyeusi na zenye manyoya, marashi, jasho kali, pumzi inayoelekezwa mlangoni na mtikisiko wa ardhi. Je, kuna aliyekuwa akilima kwa jembe jirani asubuhi hiyo? Je, ovaroli lako limefuliwa tangu uvunaji uliopita? Ovaroli lenye miiba ya juzi linapeleka habari mbaya mbele yako. Je, umepita mbele ya mlango, kwenye njia yao ya kuruka, badala ya kuja kutoka nyuma?

Ukiwa umeondoa yote hayo, na siku ni nzuri, na mizinga ya jirani imetulia, na bado mzinga mmoja unatuma nyuki hatua kumi kila unapokuja, hiyo ni alama nzito. Walinzi wa mlango kwa kawaida ni nyuki wa umri wa wiki mbili hadi tatu, na idadi yao pamoja na wepesi wao wa kuitana ni sehemu ya tabia inayorithiwa. Mzinga kama huo usikae karibu na njia. Mimi siweki manzuki chini ya mita 300 kutoka kwenye nyumba, shule au njia ya mifugo, na mzinga wenye alama hii huuhamishia ndani zaidi porini.

Dalili: wametulia unapofungua, kisha wanalipuka

Hapa chanzo kikuu ni mkono wa mfugaji, nami nina ushahidi wa daftari langu mwenyewe. Nilikuwa na mzinga wa viunzi vya juu uliotundikwa kwenye mninga, ambao kwa misimu miwili niliuandikia 4. Kila mara ulianza kwa utulivu, na kila mara, nilipofika katikati, nyuki walimwagika kama maji. Siku moja kijana aliyekuwa akinisaidia, mwenye mikono ya polepole kuliko yangu, aliufungua kwa niaba yangu nami nikasimama nyuma yake. Aliinua kiunzi cha nne, akakitazama, na alipokirudisha hakukisukuma mara moja. Alikishusha kwa pembe, akakitikisa kidogo kushoto na kulia ili nyuki waliokaa kwenye ukingo wapishe, ndipo akakibana na jirani yake. Tulifika kiunzi cha kumi na mbili tukiwa na miiba miwili kwenye glovu. Nilikumbuka mlio mdogo mkavu niliokuwa nikiusikia kila ninaposukuma viunzi pamoja, na harufu tamu kama ya ndizi mbivu iliyokuwa ikifuata. Nilikuwa naponda nyuki.

Harufu hiyo ndiyo kengele yao. Inatoka kwenye tezi zilizo pamoja na mwiba, na kiini chake kikuu, isoamili asetati, kinapatikana pia kwenye ndizi, ndiyo maana pua ya binadamu inaitambua. Nyuki mmoja aliyepondwa au aliyeuma huitangaza, walio karibu huipokea, nao wakiuma huiongeza. Ukiisikia, usiendelee kwa kasi ili umalize haraka; simama, fukiza mahali pale pale, funika sehemu iliyo wazi kwa kitambaa chepesi, ngoja dakika mbili, kisha uamue kama inafaa kuendelea.

Moshi nao una makosa mawili yanayopingana. Ukiwa mchache au umechelewa, kengele inatangulia. Ukiwa mwingi na wa moto, unaunguza mabawa, unawafukuza nyuki kwenye majana na kuwatia kiwewe. Moshi mzuri ni mweupe, mzito na wa baridi ukiupima kwa kiganja kilicho wazi. Maganda makavu ya mahindi au kinyesi kikavu cha ng'ombe hutoa moshi wa namna hiyo. Kazi yake ni kufunika harufu ya kengele na kuwafanya nyuki wajaze matumbo asali, na kazi hiyo inahitaji muda, ndiyo maana zile dakika mbili za kungoja si za hiari. Anayefukiza na kufungua hapo hapo amepoteza moshi wake.

Saa nayo ina sehemu yake. Mchana wa Oktoba masega mapya hulainika kwa joto. Kiunzi kikiinuliwa sega linakatika, asali inamwagika juu ya nyuki, na hakuna kundi litakalobaki tulivu baada ya hapo. Wazee wetu waliofanya kazi jioni na usiku walijua walichokuwa wakifanya.

Dalili: wanakufuata mbali

Kati ya tabia nne, hii ndiyo ninayoihesabu kuwa mbaya kuliko kuuma, kwa sababu anayelipa si mfugaji aliyevaa ovaroli bali mtu wa tatu anayepita njiani. Makundi yetu mengi hufuata hatua hamsini hadi mia hivi na kurudi. Kundi linalofuata hadi mahali ulipoegesha baiskeli, kila mara, hata wakati wa maua, lina tabia ambayo mara chache nimeona ikirekebishwa kwa moshi au kwa uangalifu.

Hata hivyo, usiandike kabla ya kujua ni nyuki wa mzinga gani wanaokufuata. Katika manzuki yenye mizinga kumi, mzinga mmoja unaweza kuchafua jina la mingine tisa: ukiufungua wa kwanza, nyuki wake wanakuandama hadi kwenye wa pili na wa tatu, nawe unahesabu kwamba yote ni mikali. Njia ya kumpata mkosaji ni kubadilisha mpangilio. Siku moja anza mashariki, siku nyingine anza magharibi, na siku ya tatu fungua mzinga mmoja tu kisha uondoke kabisa. Mzinga ambao baada yake hali huharibika, popote ulipo kwenye mpangilio, ndio huo. Na usiende nyumbani moja kwa moja ukiwa na nyuki nyuma yako. Pita kwenye vichaka, simama kivulini, fukiza nguo zako, ngoja wachoke.

Dalili: wanakimbia kwenye sega na kuning'inia kwa mafungu

Kukimbia si ukali. Nyuki wa scutellata wengi wanakimbia kwenye sega hata wakiwa hawaumi, na kundi lenye 4 hapa na 1 kwenye kuuma linaweza kuwa kundi zuri lenye usumbufu wa kumtafuta malkia tu. Kinachonitia wasiwasi ni kundi lililokuwa likishika sega vizuri, ambalo sasa linakimbia. Angalia majana. Kama mayai hayapo, majana machanga yamepungua, waliofunikwa wanaendelea kutoka na hakuna wanaochukua nafasi yao, na asali inaliwa bila kuongezwa, kundi linajiandaa kuhama. Halihitaji alama, linahitaji kivuli, maji karibu na kuachwa bila kuguswa. Ukilifungua tena kesho ili kuhakikisha, keshokutwa utakuta mzinga mtupu.

Dalili: upole unaotia shaka

Wafugaji wachache huuliza kuhusu kundi lisilouma, ilhali kwa nyuki wetu upole wa ghafla ni dalili ya kuchunguzwa sawa na ukali wa ghafla. Kundi dogo halina walinzi wa kutosha. Kundi lililoshindwa na nondo wa nta, likiwa na utando mweupe na vijia ndani ya masega, limekwisha kata tamaa. Kundi lililoingia juzi kwenye mzinga mpya bado limejaa asali tumboni na halina majana wala akiba ya kulinda. Hilo litakuonyesha tabia yake halisi miezi miwili au mitatu baadaye, litakapokuwa limejaza masega. Nimeona mfugaji akigawa kundi changa kwa kulipenda upole wake, na mizinga yote miwili ikawa na alama 4 kabla ya msimu kwisha. Kwa hiyo linganisha makundi yenye ukubwa unaokaribiana, na andika idadi ya viunzi vyenye nyuki kando ya kila alama.

Ukubwa huo ndio unaoeleza pia usemi kwamba kundi kali ndilo lenye asali nyingi. Kundi kubwa lina vyote viwili, walinzi wengi na akiba nyingi, na mfugaji huunganisha kimoja na kingine. Ukilinganisha makundi mawili yaliyojaza viunzi ishirini kila moja, hutaona sababu ya kumvumilia mkali kwa ajili ya ndoo yake.

Kundi linalobaki kali

Umeondoa njaa, wizi, nyegere, kukosa malkia, sumu, nguo, mkono na saa. Umepima mara tatu, pamoja na wakati wa maua, na mzinga bado una 4 wakati jirani zake wenye ukubwa ule ule wana 2. Sasa, na sasa tu, una haki ya kusema kundi hili ni kali kwa urithi.

Lisigawanywe, na majana yake ya madume yakatwe kila unapoyakuta, kwa sababu malkia hupandwa na madume kumi au zaidi wakiwa angani, na madume ya kundi kali huzaa na malkia wa majirani zako wote. Likiwa mbali na watu na unapenda kulivuna, lihamishe ndani ya pori na ulivune usiku. Likiwa karibu na watu na haliwezi kuhamishwa, badilisha malkia. Kwa kuwa wengi wetu hatuna pa kununua malkia, njia inayowezekana ni hii: muondoe malkia aliyepo, siku ya 7 vunja vyumba vyote vya malkia walivyojenga, pasibaki hata kimoja, kisha uwape kiunzi chenye mayai kutoka kwenye kundi lako tulivu kuliko yote, ukihakikisha hakina nyuki walioshikilia. Watalea malkia kutoka humo. Njia hii ina hatari ya kundi kuhama, na malkia huyo kijana atapandwa na madume ya porini usiowachagua, kwa hiyo uzao wake utakuwa mchanganyiko. Mara nyingine utapata 2, mara nyingine 3.

Usipime mapema. Kuanzia siku uliyoweka kiunzi, malkia huchukua karibu wiki mbili kutoka, wiki nyingine au mbili kupandwa na kuanza kutaga, karibu siku 20 hadi vibarua wake wa kwanza watoke, na wiki mbili hadi tatu zaidi ndipo hao wafike umri wa kulinda mlango. Muda wote huo anayekuuma ni mtoto wa malkia uliyemwondoa. Andika tarehe ya kiunzi kwa mkaa upande wa ndani wa mfuniko, hesabu miezi miwili na nusu, kisha rudi saa 11 jioni na bomba la moshi, vuta moshi mara tatu mlangoni, na ufungue ukurasa mpya wa daftari kwa kundi hilo.